Kadi uza, majina usiuze

Wandugu, leo naomba tuzungumze habari za urithi. Sio kibanja, sio nyumba, sio kahawa. Hayo tunayajua, na tukikosana tunaijua njia ya kwenda kortini. Nataka tuzungumze habari za makaratasi. Yale masanduku ya bati yaliyo chini ya vitanda vya bibi zetu kule Kamachumu, Rubya, Nshamba, Kashozi na kwingineko, yenye barua, picha na postikadi za zamani.

Msimamo wangu nautoa mapema tusipotezeane muda: mwenye shida na auze. Ada za shule hazilipwi kwa kumbukumbu. Ninachogombana nacho ni namna tunavyouza. Tunauza kwa mkupuo, kwa haraka, bila nakala, na bila kumwuliza mzee hata mmoja kwamba huyu kwenye picha ni nani.

Nimeyaona kwenye ukoo wetu, Muleba. Babu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na alitunza kila kadi aliyotumiwa. Alipofariki watu wakagawana kibanja na ng'ombe, hata redio mbovu ikapata mwenyewe. Sanduku la kadi halikutajwa na mtu. Shangazi ndiye aliyelichukua, akalifunika kwa kanga, na kila paa lilipovuja akalihamisha. Miaka ikapita. Halafu akatokea mnunuzi kutoka Bukoba mjini, akazipekua kwa dakika kumi, akataja bei ya sanduku zima. Basi! Kesho yake kila mtu akawa mrithi. Mpaka binamu ambao hawakuwahi kujua kama babu alikuwa na sanduku wakapiga simu kuulizia mgao.

Sasa swali la kwanza: kadi ni za nani?

Mliosoma sheria mnaikumbuka kesi ya Ephraim na Pastory. Ilianzia hapa hapa wilayani Muleba, Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa kaka yake akapinga: mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza akaikataa hoja hiyo. Mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume, na ukoo ukilitaka shamba uikomboe kwa kulipa bei ile ile.

Mimi si mwanasheria, na postikadi si shamba. Lakini busara ya hukumu ile inatosha kabisa kwenye sanduku letu. Aliyelitunza ndiye mwenye kauli. Binamu anayesema "hizi ni za ukoo, zisiuzwe" aonyeshe uchungu wake kwa kulipa. Asiyeweza kulipa apewe nakala, ashukuru, anyamaze. Na kama kawaida yetu, anayelala juu ya sanduku ni shangazi, lakini wanaokaa kikao cha kuligawa ni kina baba wadogo. Hilo nalo tulitazame.

Swali la pili: ndani kuna nini? Hapa ndipo penye kazi, na ndipo yule mnunuzi wa dakika kumi anapowapiga bao. Yeye anajua anachokitazama. Nyie hamjui.

Kuzipanga kwa umri si elimu ya anga. Anza na stempu. Ukiona merikebu, hiyo ni "Hohenzollern", jahazi la kifahari la Kaiser, na kadi ni ya enzi za Mjerumani. Thamani ikiandikwa kwa heller ujue rupia ilikuwa imeshaanza kugawanywa kwa mia. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. (Ndiyo, "hela" unayoisaka kila siku imetoka hapo.) Kichwa cha twiga ni Tanganyika ya Mwingereza, kuanzia 1922. Majina matatu kwa pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika, yalianza 1935.

Stempu imebanduka? Geuza. Kama upande wa nyuma ni wa anwani tupu na salamu zimebanwa pembeni mwa picha, kadi ya Kijerumani hiyo inaelekea kuwa ya kabla ya 1905, maana ndipo Wajerumani waliporuhusu nyuma pagawanywe na mstari, huku salamu, huku anwani. Kisha chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoto vidogo vidogo, picha ilichapwa mtamboni kwa wingi. Usipoviona, huenda ni fotografia halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya kadi, na hizo hutoka chache. Ukikuta picha ya mji wa Bukoba yenye mlingoti wa simu ya upepo wa Wajerumani, weka pembeni kabisa. Waingereza waliubomoa waliposhambulia mji Juni 1915.

Mimi na Shangazi tulitumia siku nne barazani. Tukapata mafungu manne.

La kwanza, kadi za kawaida: makanisa ya Roma, maua ya Krismasi, madaraja ya Ulaya. Hizo zilichapwa kwa wingi mno. Uza, usilie.

La pili, kadi za mahali: gati, soko, misheni, msonge, mashamba ya migomba. Hizi ndizo zenye pesa, na sababu ni rahisi. Meli za Ulaya zilitia nanga Zanzibar, Mombasa na Dar, wasafiri wakanunua kadi huko kwa maelfu. Bukoba ilikuwa ng'ambo ya ziwa, wapitaji wachache, kadi chache. Tena mkusanyaji mwingine hana haja na picha, anatafuta muhuri wa posta ndogo. Kwa hiyo msiloweke stempu kwenye maji mkadhani mnazisafisha! Msibandike selotepu, msifanye laminesheni, na mkitaka kuandika jina nyuma tumieni penseli, taratibu. Za fungu hili ziuzwe moja moja. Anayetaka sanduku zima kwa bei moja anataka hizi kumi huku akijifanya ananunua zile mia mbili.

La tatu, kadi zenye maneno. Mtoto wa shule anaomba nauli. Padre anampa babu pole ya msiba. Kuna nyingine yenye deni la watu ambao wajukuu zao tunasali nao Jumapili. Hizo hazitoki nyumbani, au zikitoka, zitoke baada ya waliotajwa kuulizwa. Kadi husafiri bila bahasha, ni kweli, lakini tarishi kuisoma njiani si ruhusa ya dunia nzima kuisoma.

La nne ndilo lililotunyamazisha. Wasichana waliovuliwa nguo mbele ya kamera, wakachapwa, wakapelekwa Ulaya wakiwa na maelezo ya kabila tu, kana kwamba hawakupewa jina na mama zao. Yule mnunuzi ndizo alizoziulizia kwanza. Shangazi alisema neno moja: "Hapana." Namuunga mkono. Kuna atakayesema nami ni mshamba, hiyo ni historia. Sawa, historia ipelekwe kwa watunza kumbukumbu, isipangwe sokoni kwa bei ya juu kwa sababu yuko uchi.

Swali la tatu ndilo la msingi wangu leo: nini kinapotea kadi ikiuzwa?

Wengi wanadhani ni picha. Siyo. Picha tayari ziko kwao, tena zimetunzwa vizuri. Mwingereza mmoja, Humphrey Winterton, alikusanya picha zipatazo 7,600 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Tangu 2002 ziko Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, na zimewekwa mtandaoni. Mwaka 2008 hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani iliweka wazi kwenye mtandao maelfu ya picha zake, zikiwemo za Walther Dobbertin aliyepiga picha nchini kwetu enzi za Mjerumani. Kaa na simu yako hapo Rwamishenye uziangalie bure.

Utakachokikosa ni majina. Mpiga picha anatajwa, mchapaji anatajwa, aliyepigwa hatajwi. Shangazi alishika kadi moja ya wanafunzi wamesimama mistari miwili, akaanza kutoka kushoto: huyu wa Nshamba, huyu alikuja kuwa katekista, huyu dada yake aliolewa kwetu. Majina matano kwa pumzi moja. Hakuna profesa wa Chicago atakayeweza kazi hiyo, na Shangazi hana miaka mingine 50 ya kutungoja.

Na sisi wa Kagera tuna sababu ya kuwa na haraka kuliko wengine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani kwetu mwaka 1983. Yaliyofuata mnayajua. Nyumba ngapi walibaki bibi na wajukuu tu? Waliopaswa kusikia hadithi kutoka kwa wazee na kutusimulia sisi wakaenda kabla ya wazee wao. Halafu Septemba 10, 2016 likaja tetemeko la ukubwa wa 5.9, likaua watu, likabomoa maelfu ya nyumba, na majengo ya zamani ya Ihungo na Nyakato tuliyoyazoea yakaharibika vibaya. Kwa baadhi ya majengo ya mkoa huu, karatasi ndiyo shahidi aliyebaki.

Kwa hiyo kabla ya kuuza: piga picha pande zote mbili, dirishani penye mwanga, simu yoyote inatosha. Ipe kila kadi namba. Kaa na mzee, rekodi sauti yake akitaja watu na vilima. Seti moja ibaki kwenye ukoo, nyingine wapelekeeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa au maktaba iliyo karibu. Gharama yake ni siku nne na soda mbili tatu. Bei ya kadi haishuki hata senti, tena kadi yenye maelezo humvutia zaidi mnunuzi wa maana.

Wenye bibi walio hai, Krismasi hii mkienda nyumbani, kabla ya senene na picha za kujipiga wenyewe, inameni kidogo mtazame chini ya kitanda. Ombeni ruhusa kwanza, lakini. Ni sanduku la mwenyewe.

Haya, kazi kwenu.