Haja ya Lugha Moja ya Mguso

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa katika darasa lolote. Chukua simu mbili za aina mbalimbali, uziweke katika hali ya kutetema, uzilaze mezani, na juu ya kila moja utawanye punje chache za mchele. Kisha zote mbili zipigwe. Punje zitarukaruka, lakini aghalabu hazitaruka sawa. Kwenye simu moja zitacheza kwa nguvu pamoja na mngurumo mzito. Kwenye nyingine zitatikisika kidogo tu, na sauti yake itakuwa nyembamba. Amri iliyotolewa ni moja, yaani "tetema", lakini matokeo ni mawili. Kwenye simu tofauti hiyo haimdhuru mtu. Katika ufundi mpya wa kufundishia uitwao uhalisia pepe, tofauti hiyohiyo imekuwa tatizo linalostahili kufikiriwa na walimu na wanafunzi.

Uhalisia pepe ni ufundi wa kumwezesha mtu kuona na kusikia mahali ambapo hayupo. Huvaa miwani mikubwa yenye viwambo vidogo mbele ya macho, na mikononi hushika vishikio viwili ambavyo mashine huvifuatilia kila viendako. Akigeuza kichwa, picha hugeuka naye. Akinyoosha mkono, mkono wa picha hunyooka. Akigusa ukuta wa picha, kishikio hutetema ili kumjulisha kwamba amegusa. Macho na masikio yamekwisha kuhudumiwa vema, kwa kuwa picha na sauti zina viwango vilivyokubaliwa duniani tangu zamani. Mguso ndio uliobaki nyuma.

Sababu ya kwanza imo katika ngozi yetu wenyewe. Ngozi ya kiganja ina vipokezi vya namna kadhaa, na kila kimoja kina kazi yake. Vipo vinavyotambua kitu kinachoikandamiza ngozi kwa utulivu, vipo vinavyotambua ngozi ikivutwa, na vipo vinavyotambua mitetemo. Vile vinavyoitwa kwa jina la Filippo Pacini, mtaalamu wa Kiitalia wa karne ya 19, huhisi vizuri zaidi mitetemo ya kiasi cha 200 hadi 300 kwa sekunde. Kwa hiyo mitetemo miwili yenye nguvu sawa, mmoja wa mara 60 kwa sekunde na mwingine wa mara 250, haihisiwi sawa hata kidogo.

Sababu ya pili imo katika mashine. Kitetemeshi cha bei nafuu ni mota ndogo yenye kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja wa mhimili wake. Ikizunguka polepole hutetema kwa udhaifu, na ikizunguka kwa kasi hutetema kwa nguvu. Haiwezekani kubadili nguvu bila kubadili pia idadi ya mitetemo. Tena mota hiyo huchelewa kuanza na kusimama kwa makumi ya milisekunde. Kitetemeshi cha namna ya pili ni uzito ulioning'inizwa kwa springi na kusukumwa na sumaku. Huanza upesi, lakini hufanya kazi vizuri karibu na idadi moja tu ya mitetemo. Cha tatu hufanana na koili ya kipaza sauti, nacho huweza kutoa mitetemo mingi ya namna mbalimbali. Zaidi ya hivyo vipo vyombo vyenye mota zinazousukuma mkono kweli, hata usiweze kupita.

Hapo mwanzo kila mtengenezaji alijitungia amri zake. Mwaka 2016 vishikio vya Vive na vya Oculus vilipoingia madukani, mwandishi wa programu za Vive alitaja urefu wa mpigo kwa maikrosekunde, ilhali yule wa Oculus alitaja nguvu na idadi ya mitetemo, na aliruhusiwa kuchagua baina ya mitetemo 160 na 320 kwa sekunde. Julai 2019 muungano wa makampuni uitwao Khronos ulitoa kiwango cha OpenXR, ambacho huruhusu programu moja iamuru vyombo vingi. Amri ya mguso katika kiwango hicho ina mambo matatu: muda, idadi ya mitetemo kwa sekunde, na nguvu kuanzia 0 hadi 1.

Hiyo ni hatua kubwa, na wanaoibeza wanakosea. Lakini haitoshi. Nguvu ya 0.5 ni nusu ya nini? Ni nusu ya uwezo wa chombo hicho, chochote kile. Ni sawa na kuwaambia wapiga ngoma wawili, mmoja mwenye msondo na mwenzake mwenye chapuo, wapige kwa nusu ya nguvu, kisha kushangaa kwamba hawakutoa mlio mmoja. Mpigaji hodari haambiwi nguvu ya mkono. Huambiwa mdundo na maana yake, naye huutafuta katika ngoma aliyo nayo.

Msomaji aweza kuuliza: je, hili si jambo la wacheza michezo tu? La hasha. Tumfikirie mwanafunzi wa uuguzi anayejifunza kudunga sindano kwa miwani hii. Sindano inapopenya ngozi, mkono wake hupewa ishara. Kwenye chombo alichotumia mtungaji wa somo, ishara hiyo ni mguso mfupi na mwepesi. Kwenye chombo cha chuo kingine ishara hiyohiyo ni mngurumo mrefu, na kwenye cha tatu haihisiwi kabisa. Wanafunzi watatu wamesoma somo moja, lakini mikono yao imefundishwa mambo matatu. Macho yakidanganywa, akili huweza kuyasahihisha kwa kusoma kitabu. Mkono ukidanganywa, uongo hugeuka mazoea, na mazoea ni magumu kuyaondoa.

Historia inatuonya. Marekani, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, wasioona walikuwa na maandishi ya nukta ya mifumo kadhaa iliyoshindana, ukiwamo ule wa New York uliobuniwa na William Bell Wait. Mtu aliyetaka kusoma vitabu vya pande zote, kama alivyofanya Helen Keller, alilazimika kujifunza mifumo zaidi ya mmoja, na kitabu kilichochapishwa kwa mfumo mmoja hakikumfaa aliyefundishwa mwingine. Hadi mwaka 1932 ndipo Marekani na Uingereza zilipokubaliana juu ya mfumo mmoja wa nukta za Braille kwa Kiingereza. Waliolipa gharama ya ugomvi huo wote ni wasomaji.

Wapo wanaodai kwamba kiwango kimoja kitaua ubunifu. Mimi sikubaliani nao. Kinachotakiwa kuwa kimoja ni maelezo ya kile mkono unachopaswa kuhisi. Namna ya kukitimiza ibaki huru kwa kila fundi. Mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa kiwango namba 23090-31 kinachohusu uandishi wa taarifa za mguso. Maandishi mazuri, hata hivyo, yahitaji wasomaji waaminifu. Kwa maoni yangu mambo matatu yanapasa kudaiwa. Kwanza, kila mtengenezaji atangaze vipimo vya kitetemeshi chake: mitetemo kinayoiweza, nguvu yake halisi iliyopimwa, na muda kinaochelewa. Pili, mtungaji wa somo aeleze mguso kwa jinsi unavyohisiwa na ngozi, wala asiueleze kwa amri za mota ya chombo alichokuwa nacho mezani. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, chombo kisichoweza kutoa mguso unaotakiwa kikiri waziwazi mbele ya mwanafunzi, badala ya kunyamaza au kubahatisha.

Walimu hawana budi kulitilia jambo hili maanani kabla ya kununua. Shule hupata vifaa kidogo kidogo, mwaka huu vya aina hii na mwaka ujao vya aina ile, na somo lililofungwa kwenye chombo kimoja hufa pamoja na chombo hicho. Basi tuulize maswali haya mapema. Nanyi wanafunzi, rudieni lile jaribio la mchele, pimeni, andikeni mlichokiona, na mjiulize ni kwa amri gani punje za simu zote mbili zingeweza kuruka sawa. Kidole kimoja hakivunji chawa; na mguso unaoaminika hautapatikana kwa mtengenezaji mmoja kujifungia peke yake.