Kihamba hakikulisha familia peke yake

Kila gharama za maisha zinapopanda, wimbo ni uleule mikutanoni na redioni: vijana warudi shambani, waishi kama babu zao ambao hawakununua kitu. Wanaotaka mfano aghalabu hukimbilia Kilimanjaro, kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga.

Mfano wenyewe ni mzuri. Juu miti mirefu, katikati migomba, chini magimbi, viazi vikuu na maharage. Mgomba haukutupwa kitu: ndizi zikawa mtori, nyingine zikaenda kwenye mbege pamoja na ulezi, majani makavu yalitandazwa shambani, na shina likakatwakatwa likawa chakula na maji ya ng'ombe kwa mkupuo mmoja. Ng'ombe naye hakuzurura. Alifungwa ndani ya nyumba ileile ya msonge waliyolala watu, na samadi yake ikarudi migombani. Ndiyo maana ardhi hiyo ilizaa kizazi baada ya kizazi bila kupumzishwa, na FAO ikakiingiza kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Lakini uchumi wa familia haukuishia kwenye uzio wa masale. Chuma cha majembe kilitoka Ugweno, kwa wafua chuma wa Upare. Magadi yalipanda kutoka tambarare hadi kwenye masoko yaliyoendeshwa na wanawake, yakabadilishwa kwa ndizi.

Maji ndiyo yanayoumbua zaidi hadithi ya kujitosheleza. Hakuna baba aliyeweza kuchimba peke yake mfongo, yaani mfereji, wa kukata ubavu wa korongo na kuyaleta maji ya mto hadi mgongoni mwa kilima. Ukoo ulichimba, majirani wakaungana nao, kila nyumba ikapewa zamu. Mvua za masika zikibomoa kingo, watu waliitwa kazini. Mkwepaji alitozwa faini. Hata ng'ombe aliyefungwa nyumbani mara nyingi alikuwa wa mtu mwingine: maskini alimtunzia tajiri, akapata maziwa na samadi, huku mifugo ikiendelea kuhesabiwa kwa mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wasimuliaji hulipita kimyakimya, nalo ni majani. Migomba iliyosongamana haikuacha nafasi ya malisho, kwa hiyo wanawake waliteremka hadi tambarare, wakakata nyasi, wakafunga mzigo kwa kamba ya mgomba na kuupandisha mlima kichwani. Kisha wakapika. Anayesifu jasho la babu angeanza na shingo ya bibi.

Fedha nazo ziliingia mapema kuliko tunavyopenda kukumbuka. Kodi ya nyumba ya serikali ya Wajerumani ilianza mwaka 1898, na kahawa ikapata nafasi chini ya migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ukaja muungano wa ushirika, KNCU. Hao walikuwa watu waliojua bei, si watu walioikimbia.

Kisha kuna suala la ardhi. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa mwisho alibaki kwenye kihamba cha baba na wa kwanza akatafutiwa chake. Wa katikati wakaenda kumwomba mangi, yaani chifu, ardhi tupu. Umangi ulifutwa mwaka 1963, na ardhi tupu mlimani imekwisha. Kihamba kimegawanywa mara kadhaa, na katika kipande kilichobaki zipo nyumba na makaburi ya ukoo.

Kumwambia kijana wa leo ajitegemee kwenye kipande hicho ni kumdai kitu ambacho babu yake hakuwahi kufanya. Halmashauri zikitaka arudi, zianze na bajeti ya kukarabati mifereji, chama cha ushirika kinacholipa kahawa kwa wakati, na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ili mzigo huo usirudi kichwani kwa mkewe.