Picha ya Treni Haisemi Uongo, Bali Huficha Umbali

Tangu reli ya kisasa ya Kenya ilipozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017, mjadala kuihusu umeendeshwa kwa picha sawasawa na ulivyoendeshwa kwa hoja. Ndivyo ilivyo hasa kwa kipande cha pili, kilichofunguliwa mwaka 2019, ambacho huvuka Mbuga ya Taifa ya Nairobi juu ya daraja refu. Anayeisifu reli hutuonyesha twiga akila majani kwa utulivu chini ya treni. Anayeipinga hutuonyesha pundamilia aliyebanwa na nguzo za saruji. Aghalabu picha zote mbili hupigwa kwa lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Kabla ya kuzigeuza picha hizo kuwa ushahidi, yatupasa kuuliza swali moja: mpigapicha alisimama wapi?

Tufanye hesabu ndogo. Pundamilia yuko mita 100 mbele ya daraja. Mpigapicha akisimama mita 20 kutoka kwa mnyama, daraja liko mita 120 kutoka kwake, nalo litaonekana limepungua hadi sehemu moja ya sita ya ukubwa wake ukilinganisha na mnyama. Akirudi nyuma hadi mita 200, daraja liko mita 300, na sasa litaonekana theluthi mbili. Hakuna kilichosogea ila mpigapicha. Kazi ya lenzi ndefu ni kuikuza sehemu ndogo ya mandhari ionekanayo kutoka huko mbali. Umbali wenyewe ndio unaowafanya mnyama na nguzo waonekane wamegusana.

Athari hii si ya Nairobi pekee. Nchini Marekani, reli iitwayo Napoleon, Defiance & Western, katika majimbo ya Ohio na Indiana, ilipata sifa mbaya mitandaoni kwa video za treni zikiyumba juu ya njia iliyopindapinda kama nyoka. Njia ile ilikuwa mbovu kweli, na treni zilijikokota juu yake. Hata hivyo, lenzi ndefu ilibana urefu mkubwa wa njia ndani ya fremu moja, huku kina cha kila bonde kikibaki vilevile. Mabonde yakaonekana kama mawimbi. Ukweli ulikuwepo, ila kipimo chake kilipotea.

Kwetu, kipimo kinapopotea, sera nazo hupotoka. Picha inayoweka treni mbele ya maghorofa ya Nairobi humfanya mtazamaji aamini kwamba reli imemfikisha abiria mjini. Abiria mwenyewe anajua kwamba kituo kikuu kiko Syokimau, na kwamba ni lazima atafute usafiri mwingine hadi katikati ya jiji. Gharama na muda wa safari hiyo ya ziada havionekani kwenye picha, kwa kuwa lenzi imevifuta.

Sisemi lenzi hizi zipigwe marufuku. Humwezesha mpigapicha kukaa mbali na njia ya treni, jambo linalookoa maisha, na humwacha mnyama bila kumsumbua. Ninachodai ni uwajibikaji. Mtumishi wa umma anayeweka picha katika ripoti ya athari za mazingira aambatishe ramani, mahali ilipopigwa na umbali uliokuwapo. Mwanaharakati naye afanye vivyo hivyo, kwani hoja ya kuwalinda wanyama ni nzito kiasi cha kutohitaji kusaidiwa na kiini macho. Mpinzani akikigundua, ataitupa hoja pamoja na picha.

Nanyi wanafunzi, mmefundishwa kuuliza nani ameandika, na kwa nini. Ongezeni swali la tatu kila mwonapo picha: kwa umbali gani?