Paa Huanza Kung'oka kwa Msumari Mmoja

Kabla ya masika kuanza, wakazi wa Moshi na wa miteremko ya Kilimanjaro hawana budi kukumbuka kwamba upepo huezua kwanza paa lililokwisha kulegea.

Wazee wa Kichaga waliteremsha paa la nyasi hadi karibu na ardhi, na migomba ikaizunguka nyumba. Bati lina manufaa mengi, lakini upepo ukipenya chini ya ukingo wake hulisukuma kutoka ndani huku ukilivuta kutoka juu.

Kwa hiyo, kila baada ya dhoruba, walimu na watumishi wa serikali wakague mapaa ya shule, ofisi na nyumba zao wakiwa chini. Watafute misumari iliyochomoza, kofia iliyosogea, bati lililokunjika pembeni na doa la maji darini. Msumari uliolegea usigongwe tena katika tundu lile lile. Upigwe mpya penye mbao nzima, na tundu lizibwe. Kenchi nazo zifungwe barabara ukutani. Mtu asipande juu ya bati lililolowa.

Kamati ya shule isingoje watoto wanyeshewe darasani ndipo iandike barua wilayani. Barua haiezeki darasa.