Pipa la zege lipite Msamvu, ila dereva asilale sheli

Watu wa mjini kwetu Morogoro wakisema taka zenye mionzi zisipitishwe hapa, huwa nawauliza: basi zibaki wapi? Maana zipo. Zimo kwenye stoo za wakandarasi wa barabara, kwenye viwanda vinavyotumia mionzi kupima ujazo wa matangi, na kwenye hospitali zilizowahi kuwa na mashine za zamani za saratani. Mwenye jukumu la kuzikusanya ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003, na hifadhi yake iko Arusha. Kitu kilichoko Mikumi au Ifakara hakifiki Arusha kwa dua. Kitapanda lori, na lori litapita hapa mjini, Msamvu.

Mimi ni dereva mstaafu, naishi Kihonda. Barabara hii nimeipita tangu enzi za Scania 111, nikibeba saruji, mbolea na kwa miaka mingi mafuta. Ukinipangia leo mizigo yote ya hatari niliyowahi kuiona ikipimwa kwenye mizani ya Mikese, ukaniambia nichague mmoja wa kulala nao nyumba moja, nitachagua pipa la zege lililofungiwa taka hizo za mionzi kabla ya tangi la petroli.

Sababu ni namna linavyotengenezwa. Chanzo chenyewe ni kidogo, kimefungiwa ndani ya kapsuli ya chuma kisichoshika kutu. Kapsuli huwekwa ndani ya kinga, mara nyingi ya madini ya risasi, kisha inasimamishwa katikati ya pipa na zege linamiminwa kuizunguka. Lita 200 za zege hukaribia nusu tani. Zege linapunguza mionzi inayotoka, linaishika kapsuli isicheze, halishiki moto wala halimwagiki, na hakuna kibaka wa kulitia begani akakimbia nalo. Lori likipinduka, pipa litabingiria mtaroni na kukaa pale pale likisubiri winchi.

Sheria za kimataifa za usafirishaji nazo si za kubahatisha. Kwa mzigo wa kawaida, mionzi kwenye uso wa kifurushi haitakiwi kuzidi milisiveti 2 kwa saa, na mita 2 kutoka ubavuni mwa gari isizidi milisiveti 0.1 kwa saa. Binadamu wa kawaida hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula chake. Piga hesabu: hata gari likiwa limefika kikomo hicho, muuza karanga wa Msamvu angelazimika kusimama mita 2 kutoka ubavuni mwake saa 24 mfululizo ndipo apate kiasi anachopata kwa mwaka mzima bila kujua. Vyanzo vikali zaidi, kama kobalti ya mashine za saratani, husafiri katika makasha yaliyobuniwa kuhimili kuangushwa kutoka mita 9 na kukaa kwenye moto wa nyuzi 800 kwa nusu saa. Tangi nililokuwa navuta mimi halikujaribiwa hivyo.

Wapo wanaoniambia, mzee, sisi tunakaa chini ya Uluguru, maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka milimani kwetu, ajali moja tu na tumekwisha. Hoja ya maji naiheshimu. Lakini Uluguru wenyewe una urani tangu Mungu alipouumba. Wajerumani walipokuwa wakichimba ulanga huko juu walikuta mawe yenye urani, na mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald wa Berlin akaeleza madini mapya ya njano kutoka huko, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Jina la Morogoro limo kwenye vitabu vya madini duniani kwa sababu hiyo, na sijui ni shule ngapi za mkoa huu zinawafundisha watoto habari hiyo. Mionzi haikuletwa hapa na lori. Na kama ni kuuogopea mto Ngerengere, tangi la dizeli likipasuka darajani linanitisha zaidi kuliko zege lililoganda.

Kinachonitisha hasa ni mzigo usiosafirishwa. Niliwahi kupeleka kokoto kwenye kambi ya mkandarasi mmoja, jina naliacha. Ndani ya stoo palikuwa na kasha la njano lenye alama ya mionzi, ndilo la kile kipimo cha kuangalia kama udongo wa barabara umeshindiliwa vizuri. Kufuli lilikuwa limepotea, wamelifunga kwa bainding waya, na mtunza stoo alikuwa amelikalia akinywa chai. Vipimo vya aina hiyo kwa kawaida huwa na sesiamu 137, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 30, na amerisiamu 241, ambayo huchukua miaka 432. Mkataba wa barabara unakwisha kwa miaka mitatu, kampuni inafilisika, mtunza stoo anarudi kwao, amerisiamu haina habari. Baadaye anakuja kijana wa chuma chakavu na mkokoteni wake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Goiânia, Brazili, mwaka 1987: mashine iliyotelekezwa kwenye kliniki ilivunjwa na waokota chuma, watu 4 wakafa, zaidi ya 100,000 wakapangwa foleni kupimwa, na serikali ikabaki na mita za ujazo kama 3,500 za taka za kuzika. Lori moja lingeondoa mashine ile mapema, hayo yote yasingetokea.

Kwa hiyo lori lije. Ila hapo ndipo mimi na wataalamu tunapoanza kugombana, kwa sababu wao wakimaliza kupima zege huona kazi imekwisha, na kumbe kazi ya barabarani ndiyo kwanza inaanza.

Mwezi Desemba 2013 huko Mexico, lori lilikuwa limebeba chanzo cha kobalti 60 kutoka hospitali ya Tijuana kwenda kwenye hifadhi ya taka. Dereva akapaki sheli, mahali panaitwa Tepojaco, apumzike. Wakaja watu wenye silaha, wakachukua lori. Hawakuwa na haja na kobalti, walitaka gari. Siku mbili baadaye chanzo kikapatikana karibu na mji wa Hueypoxtla, kikiwa kimetolewa kwenye kinga yake. Kila dereva wa barabara ya Tunduma anaijua hadithi hiyo, badilisha tu jina la sheli. Dereva aliyetoka Songea usiku, akifika Morogoro macho mekundu, ni lazima alale, na atalala anapopata bei nafuu na mtu wa kumlindia tairi. Haisaidii kutengeneza pipa linalovumilia kila kitu, kisha ukalikabidhi kwa mtu mmoja mwenye usingizi.

Ufungaji nao. Mwezi Januari 2023 huko Australia, kapsuli ya sesiamu ndogo kuliko punje ya mahindi ilidondoka kwenye safari ya kilomita 1,400 kutoka mgodini kwenda Perth. Mtikisiko ulilegeza bolti, kapsuli ikapita kwenye tundu lake. Waliipata tarehe 1 Februari, pembeni mwa barabara. Ndani ya zege isingedondoka, lakini pipa zima linaweza kudondoka kama limefungwa kwa kamba ya katani na turubai, na matuta ya barabarani kwetu hapa hayana huruma na mnyororo uliolegea.

Halafu kuna sisi tunaokaa kando ya barabara. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, waliokufa wakapita 100. Sitaki kumsikia mtu akiwaita wajinga. Petroli inapita mbele ya milango yetu kila saa, na kabla ya siku ile sikuwahi kuona mtu akija mtaani kwetu kutuambia likianguka tusimame wapi na tumpigie nani. Kuhusu mionzi hali ni ile ile hadi leo. Maofisa niliozungumza nao wanasema safari hizi ni siri, kwa ajili ya usalama. Siku na saa iwe siri, sawa. Alama yenyewe, lile duara dogo jeusi lenye mbawa tatu juu ya rangi ya njano, ina siri gani? Ibandikwe kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Mikumi hadi Mikese, pamoja na namba 114 ya zimamoto na 112 ya polisi, na maneno mafupi: ukiiona imeanguka usiiguse, rudi nyuma, zuia wenzako, piga simu. Wenye bodaboda ndio hufika kwanza kwenye kila ajali ya barabara hii, kabla ya trafiki na kabla ya gari la wagonjwa.

Lori lenyewe lipite mchana, lisindikizwe, na liende kwa njia ya Dodoma na Babati kuliko kurudi Chalinze kubanana na mabasi, hata kama vilima vya Kolo na Bereko vitamtoa dereva jasho. Likilazimika kulala, lilale ndani ya uzio wa polisi, si sheli. Madereva wawe wawili wanaopokezana usukani, wote wamefundishwa kusoma kipimo cha mionzi, na wa pili asiwe utingo aliyeokotwa stendi asubuhi ile ile kwa ahadi ya chakula cha mchana.