Jicho la Pili la Kompyuta

Katika nyumba nyingi za mjini mna kasha la diski za CD na DVD juu ya kabati. Humo mna picha za harusi, mahafali ya watoto, na pengine sauti ya mzee aliyekwisha kututoka. Mwezi uliopita nilitia diski moja ya namna hiyo katika kompyuta ya nyumbani. Ilikuwa na sauti ya marehemu mama akiwasimulia wajukuu zake hadithi. Kompyuta ikanguruma, ikahangaika, kisha ikaitema. Nyumba nzima ilinyamaza.

Nilipoipeleka kwa jirani, diski ile ile ilisomeka. Kumbe mgonjwa hakuwa diski, bali kiendeshi, yaani kile chombo chenye droo kisomacho diski kwa mwanga wa leza. Lenzi yake hushika vumbi, na leza hufifia kwa miaka. Tena viendeshi havilingani: diski iliyokataliwa na kimoja huweza kusomwa na kingine. Ndiyo sababu nikanunua cha pili, bila kukitupa cha kwanza.

Nawe ukikusudia kufanya hivyo, usikimbilie dukani. Kwanza zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha fungua ubavu wake utazame. Yapasa pawe na nafasi tupu mbele, ile iitwayo ya inchi 5.25. Tazama pia nyaya: mashine za miaka ya karibuni hutumia waya mwembamba wa SATA, na za zamani utepe mpana wa IDE. Hakikisha pana tundu tupu kwenye ubao mkuu na waya wa umeme usiotumika. Chagua kiendeshi cha DVD, kwani husoma na CD. Cha CD pekee hakisomi DVD. Kama kompyuta yako ni ya mkononi au haina nafasi, nunua cha nje kinachochomekwa kwenye tundu la USB.

Kazi ya kufunga yataka bisibisi na subira tu. Umeme ukiwa umechomolewa, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Bandua kifuniko cha mbele, sukuma kiendeshi ndani, kaza skrubu pande zote mbili, kisha unga waya wa umeme na ule wa data. Kila plagi huingia kwa upande mmoja tu. Ikigoma, igeuze, usiilazimishe.

Kazi haijaisha hapo. Diski zilizoandikwa nyumbani huhifadhi data katika tabaka la rangi ambalo joto, unyevu na jua huliharibu, na nyumba zetu za pwani hazikosi hayo matatu. Basi nakili kila kitu kwenye diski kuu ya kompyuta, na nakala nyingine uiweke mahali pengine. CD moja huchukua megabaiti 700 hivi. Kwa hiyo flashi ya gigabaiti 64 hutosha CD zaidi ya 80.

Sasa wajukuu humsikiliza bibi yao kila wapendapo. Jumapili hii, literemsheni kasha lile, mjaribu diski moja baada ya moja, ingali zinasomeka.