Sikio la Umma: Kiswahili na Kazi ya Kupokea Simu za Dharura

Katika makongamano na majarida ya vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, suala la ajira halikosekani. Mwanafunzi akihitimu, aende wapi? Majibu tumekwisha kuyazoea: ualimu, utangazaji, uhariri, tafsiri na ukalimani. Orodha hiyo si mbaya, ila tumeikariri mno hata hatujiulizi tena kama imekamilika. Makala haya yanakusudia kuiongezea kazi moja ambayo ni nadra kutajwa katika kumbi zetu, nayo ni ya kupokea simu za dharura na kuwaelekeza askari wa doria. Rai yangu ni kwamba hiyo ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya mitambo, na kwamba taaluma yetu imeipa kisogo kwa hasara ya wananchi wanaopiga simu hizo huku Kiswahili kikiwa ndiyo lugha pekee wanayoweza kuombea msaada.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Aghalabu hufanywa na watu wawili, ingawa katika vituo vidogo mtu mmoja huzibeba sehemu zote mbili. Wa kwanza ni mpokea simu. Huyu humsikiliza mwenye shida, humuuliza maswali na kuyaandika majibu yake papo hapo. Wa pili ni mwelekeza doria. Huyu huyasoma yaliyoandikwa, akaamua gari lipi lililo karibu liende, kisha akawaeleza askari kwa redio wanakwenda wapi, kukabili nini, na kama kuna silaha. Hamwoni mpiga simu wala hamsikii. Anachokijua ni maneno ya mwenzake tu. Basi akikosea wa kwanza, wa pili hana njia ya kupatia.

Mfumo wenyewe ulizaliwa kutokana na simu iliyochelewa kujibiwa. Tarehe 10 Novemba 1935 nyumba moja katika mtaa wa Wimpole, London, iliungua na wanawake watano wakafa. Jirani aliyejaribu kuwaita wazima moto aliwekwa kwenye foleni pamoja na simu za kawaida, naye akaandika barua ya malalamiko katika gazeti la The Times. Tarehe 30 Juni 1937 nambari 999 ikaanza kutumika jijini humo. Marekani ilifuata baada ya miaka thelathini na ushei: simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Haleyville, Alabama, tarehe 16 Februari 1968. Kenya ilirithi 999 ya Waingereza. Laini hiyo ilizorota kwa miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2013, mwaka uleule wa shambulio la Westgate. Leo mwananchi anaweza kuwapigia polisi kwa 999, 112 au 911. Simu basi ipo. Swali langu linahusu lugha inayopita ndani yake.

Swali la kwanza la mpokea simu yeyote huwa ni “Uko wapi?” Hutangulia hata lile la “Kuna nini?”, kwa sababu simu ikikatika baada ya jibu moja, bora jibu hilo liwe mahali. Mitambo ya kisasa yaweza kukadiria eneo la simu, lakini makadirio hayo hayaonyeshi mlango. Katika mitaa yetu mingi nyumba hazina nambari, na anwani ya mtu ni masimulizi: ukipita soko, ukifika kwenye mwembe, uliza kwa Mama fulani. Hapa ndipo sarufi tuliyoisoma kwa ajili ya mtihani inapogeuka kuwa kinga ya uhai. Tulifundishwa kwamba -po huonyesha mahali dhahiri, -ko mahali pasipo dhahiri, na -mo mahali pa ndani. Nyumba inapoungua, “mtoto yuko huko” na “mtoto yumo” si sentensi zinazokaribiana. Ya pili inampeleka mzima moto ndani ya moshi. Ya kwanza inamtaka mpokea simu aulize tena.

Tuchukue pia njeo. Mtoto anapiga simu na kusema, “Baba anampiga mama.” Sote tunajua kwamba katika mazungumzo ya kila siku -na- hutumika kwa tendo linaloendelea na pia kwa tendo la mazoea, mahali ambapo sanifu ingependa hu-. Je, mtoto huyu anaeleza yanayotendeka sasa, au anaeleza maisha ya nyumbani kwao? Yote mawili yanahitaji msaada, ila la kwanza linahitaji gari dakika hii. Maneno mawili ya nyongeza, “Sasa hivi?”, yanaondoa utata wote. Vivyo hivyo kwa kiambishi a-. Mtu akisema “ana kisu,” Kiswahili hakituambii kama ni mume au mke, mshambulizi au mshambuliwa. Mpokea simu akiijaza nafasi hiyo kwa dhana yake, huenda askari wakamwekea bunduki mtu aliyekuwa akijitetea.

Zaidi ya sarufi kuna maana. “Amekunywa dawa” yaweza kuwa habari njema ya mgonjwa, na yaweza kuwa tasifida ya mtu aliyekunywa sumu, kwa kuwa jamii yetu huona haya kulitaja jambo hilo waziwazi. “Ameshikwa na uchungu” husemwa juu ya mwanamke anayekaribia kujifungua, na asiyejua atadhani ni maumivu ya kawaida. “Ameanguka” yaweza kuwa kuteleza, kuzirai au kifafa. Mguu kwetu ni kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Tena, saa zetu huhesabiwa tangu mapambazuko, huku wengine mijini wakichanganya hesabu hiyo na ya Kiingereza, hivyo kwamba “tangu saa mbili” yaweza kuzua kosa la saa sita nzima. Mpokea simu aliyefunzwa huuliza, “Imepita muda gani?” Wanaisimu tumeandika kurasa nyingi kuhusu utata wa maana. Hapa pana watu wanaoumia kwa sababu yake.

Na ni Kiswahili kipi kitakachopigwa simu? Si kile cha insha zetu. Kijana wa Eastlands atasema amepigwa ngeta, na asiyejua kwamba ngeta ni kabali ya wezi atapoteza dakika nzima akitafuta maana. Mzee wa Lamu ataeleza shida yake kwa Kiamu, na aliyezaliwa bara atababaika. Miongoni mwetu wapo wanaoiona Sheng kuwa uchafu usiostahili kuingia darasani. Nawaheshimu walimu wangu, lakini katika jambo hili nathubutu kutofautiana nao. Kuisikia lugha ya mtu si kuisifu. Mwenye kuchagua Kiswahili atakachokisikiliza hafai kukaa kwenye kiti kile.

Wanafasihi nao wana sehemu yao. Mnamo Novemba 2019, katika mji wa Oregon jimboni Ohio, mwanamke alipiga 911 akaagiza piza. Mpokea simu alimwambia kwamba amekosea nambari. Mwanamke akashikilia kuwa mpokea simu hakumwelewa. Ndipo mpokea simu akatambua kwamba ndani ya nyumba mlikuwa na mtu wa hatari, na kwamba piza ilikuwa fumbo. Akaanza kuuliza maswali yanayojibika kwa ndiyo au la, kisha akawaagiza askari wazime ving’ora kabla hawajafika. Sisi ambao tumelelewa kwa mafumbo ya mashairi na majina ya kanga tungepaswa kuwa wepesi zaidi kulitambua tukio la namna hiyo. Uhakiki wa fasihi hutufunza kuuliza ni nani anayesema, anamwambia nani, na ni lipi analolificha. Je, kuna mahali ambapo mafunzo hayo yana thamani kubwa kuliko hapo?

Tena kazi haikomei katika kusikiliza. Mwaka 1979 daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City, Marekani, alianzisha kadi za maswali na maelekezo ili mpokea simu aweze kumfundisha mtu huduma ya kwanza kabla gari la wagonjwa halijafika. Moyo unaposimama, mpiga simu huelekezwa aweke kiganja katikati ya kifua cha mgonjwa na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpokea simu huhesabu naye ili mapigo yasilegee. Nilipozitazama nambari zetu kwa jicho la mizani nilifurahi: tangu moja hadi kumi, kila nambari ina silabi mbili kamili. Hakuna inayorefuka wala inayokatika. Ukifika kumi ukarudi moja, mapigo hayayumbi. Washairi wetu walijua tangu zamani kwamba mizani husaidia kumbukumbu, na hapa yaweza kusaidia pumzi. Lakini maelekezo kama hayo hayatungwi kwa kutafsiri kadi ya Kiingereza neno kwa neno. Yanahitaji mtu anayejua sentensi ipi ya Kiswahili humwingia kichwani mtu anayetetemeka.

Nayatarajia mapingamizi matatu. La kwanza ni kwamba kumpeleka mwenye shahada akapokee simu ni kumshusha hadhi. Dharau hiyo si yetu peke yetu. Huko Marekani, katika uainishaji wa kazi wa mwaka 2018, wapokea simu za 911 walibaki katika kundi la makarani wa ofisi, jambo ambalo wenyewe wamelipinga kwa nguvu. Anayemsaidia mama kujifungua kwa maneno tu hafanyi ukarani.

La pili ni kwamba Kiswahili hakitoshi, kwa kuwa wapo Wakenya wanaojua lugha ya mama tu. Hilo ni kweli, na dawa yake ni ukalimani. Mwaka 1982 askari polisi wa San Jose, California, alishiriki kuanzisha huduma ya wakalimani kwa simu kwa sababu mji wake ulikuwa na Wavietnam ambao polisi hawakuwaelewa. Leo Mkongomani aliyehamia Marekani akipiga 911, anaweza kuunganishwa na mkalimani wa Kiswahili. Ikiwa lugha yetu inatafutiwa mkalimani ng’ambo, sembuse lugha za wenzetu hapa nyumbani?

La tatu ni zito zaidi: kazi hii huumiza. Mwaka 2012 Michelle Lilly na Heather Pierce wa Northern Illinois University walichapisha uchunguzi uliohusisha simu hizo na dalili za kiwewe kwa wanaozipokea, ijapokuwa hawafiki kwenye tukio. Mpokea simu husikia mwanzo wa mkasa, na mara nyingi hajui mwisho wake. Zamu ni za usiku na mchana, na mizaha ya watu wasio na haya huchanganyika na vilio vya kweli. Sitaki mwenzangu aingie kazini humo akidhani anakwenda kuonyesha ufasaha. Asiyeweza kutulia mwingine anapopiga mayowe ashike kazi nyingine, wala hilo si aibu. Na mwajiri asiyewapa watu hawa washauri nasaha na mapumziko anawatumia na kuwatupa.

Kwa anayevutiwa, njia zipo. Laini ya 999 imo mikononi mwa Huduma ya Kitaifa ya Polisi, hivyo njia yake ya kawaida ni kujiunga na polisi na kupitia mafunzo ya Kiganjo. Zipo pia laini zisizo za kipolisi, kama vile 116 ya watoto na 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, pamoja na vyumba vya simu vya huduma za magari ya wagonjwa. Shahada ya Kiswahili peke yake haitoshi. Ajifunze kuandika kwa kompyuta huku akisikiliza, ajifunze huduma ya kwanza, na aijue ramani ya kaunti yake pamoja na majina ya mitaa ambayo ramani haiyataji.

Kwa idara zetu nina mapendekezo mawili. Kwanza, rejista ya dharura ipewe nafasi katika kozi za isimujamii na tafsiri, bega kwa bega na rejista za mahakama, hospitali na soko ambazo tumezichambua hadi zimechujuka. Pili, wanafunzi wa uzamili wakishirikiana na polisi na watoaji wa huduma ya kwanza waandae kadi za maswali na maelekezo kwa Kiswahili, zijaribiwe kwa wasemaji wa Mombasa, Nakuru na Kakuma, kisha zirekebishwe. Tasnifu ya namna hiyo itasomwa na watu wengi kuliko wasimamizi wawili na mtahini wa nje.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Polisi wetu nao wana kaulimbiu ya Kiswahili, Utumishi kwa Wote. Neno “wote” linamjumuisha bibi asiyejua neno hata moja la Kiingereza, aliyejifungia chumbani usiku, akinong’ona kwenye simu ya mjukuu wake. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hakuna anayeihitaji hekima hiyo kuliko mtu ambaye kazi yake yote ni haraka: aulize taratibu, asikie sawasawa, ndipo gari liende mbio. Wanafunzi wenzangu, tumekisomea Kiswahili kwa miaka mingi. Baadhi yetu tukakae mahali ambapo bibi huyo atajibiwa.